Barua ya Malalamiko: Nilichagua Kahawia, Nikapakwa Nyeusi, Nikadhalilishwa

Kwa Meneja Mkuu,
Ofisi Kuu ya Saluni,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUPAKWA RANGI NISIYOICHAGUA, KUUNGUZWA KICHWA NA KUDHALILISHWA MBELE YA WATEJA KATIKA TAWI LENU LA SINZA

Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu.

Kwa heshima inayostahili ofisi yako, naandika kulalamikia huduma ya rangi niliyopewa Jumamosi iliyopita katika tawi lenu. Kiini cha malalamiko yangu ni kimoja: kichwa ni changu, fedha ni zangu, rangi niliichagua mimi mwenyewe kwa macho yangu na kidole changu, na msusi wenu akajipa mamlaka ya kuamua kwamba mwanamke wa umri wangu haimfai.

Utaratibu wenu wa huduma ya rangi mnaujua kuliko mimi, kwa kuwa mliuandika wenyewe na kuubandika pale mapokezi, kwa hiyo sitaurudia hapa. Nasema tu kwamba siku ile haukufuatwa. Sikuulizwa kama nina mzio. Sikupakwa rangi kidogo nyuma ya sikio ili ngozi yangu iangaliwe kwa saa 48, ingawa boksi la rangi lenyewe linaagiza hivyo, na ingawa kila anayeshika brashi ya rangi anapaswa kujua kwamba rangi nyingi za kudumu, hasa nyeusi, zina kemikali ya PPD ambayo kwa baadhi ya watu husababisha uso kuvimba hadi macho kufunga.

Nililetewa kitabu chenu cha rangi, kile chenye vishungi vidogo vya nywele vilivyopangwa kwa namba. Nilikipeleka dirishani kwenye mwanga wa jua, nikakilaza mkononi nilinganishe na ngozi yangu, kisha nikaweka kidole kwenye namba 4, kahawia ya kawaida isiyo na wekundu. Msusi aliona, akaitikia, akaandika 4 kwenye kadi yangu. Kadi hiyo mnayo. Ikiwa imeshachanwa, naomba nielezwe kwa maandishi imechanwa na nani.

Alichokikoroga kwenye bakuli kilikuwa namba 1. Tyubu niliiona baadaye juu ya toroli, imekamuliwa hadi mwisho, namba yake inasomeka wazi. Aliponiosha na kunifuta, nikajiona kwenye kioo nywele nyeusi tii, hata ngozi ya kwenye paji la uso imeshika weusi. Nikamwambia kwa upole, "Mwanangu, hii siyo rangi tuliyokubaliana." Akanijibu, "Mama, hiyo ni kahawia, ikikauka itatokea." Nikakaa chini ya draya, zikakauka, kahawia haikutokea. Akasema ni taa za saluni ndizo zinazodanganya. Nikamwomba tusogee barazani, tukasimama juani, na pale juani nywele zilikuwa nyeusi kuliko ndani. Ndipo alipobadilisha maneno na kusema kwamba mvi zangu ni nyingi mno, namba 4 isingezikamata, kwa hiyo aliona "anisaidie" kwa kuniwekea nyeusi.

Naomba ulitazame jambo hili kwa makini, Ndugu Meneja. Mtumishi wako alinipa maelezo matatu yanayopingana kuhusu kichwa kimoja: kwanza rangi ni kahawia, kisha ni kahawia ila taa zinaionyesha nyeusi, mwisho ni nyeusi na iliwekwa kwa makusudi. Maelezo ya tatu yanathibitisha kwamba mawili ya kwanza yalikuwa uongo. Isitoshe, hata hilo la mvi si kweli, kwa sababu rangi za kudumu za kahawia ya kawaida hutumika kila siku kufunika mvi, na kama alikuwa na shaka alipaswa kuniambia kabla ya kupaka, wakati bado nina uwezo wa kukataa na kurudi nyumbani na mvi zangu.

Nilipomwambia hivyo, bila kupandisha sauti, alikizungusha kiti changu kutoka kwenye kioo hadi nikatazamana na wateja waliokuwa wamekaa kwenye benchi wakisubiri zamu. Akaninyanyua kidevu kwa vidole viwili, akasema kwa sauti ya kusikika saluni nzima, "Jamani, semeni wenyewe, huyu mama kapendeza au hajapendeza? Anayeolewa ni binti yake, sasa yeye kahawia ya nini?" Watu wakacheka. Habari ya binti yangu nilikuwa nimemweleza wakati ananiosha, kama mteja anavyozungumza na msusi wake, kwamba tuna sendofu Jumamosi inayofuata na kwamba rangi ile ndiyo inayokwenda na sare tuliyochagua akina mama wa kamati. Jambo nililomweleza kwa furaha ndilo alilonigeuzia kuwa fimbo.

Mimi ni mama mtu mzima. Nyumbani kwangu nasalimiwa "shikamoo" na watu wanaomzidi umri msusi huyo, na sijawahi kushikwa kidevu hadharani tangu nilipokuwa mtoto.

Msimamizi wa tawi alikuja aliposikia vicheko. Nilitarajia aombe radhi. Badala yake aliamuru niwekewe blichi ili rangi "ipande," na nilipouliza kama ni salama, kwa kuwa nywele zangu zina dawa na dawa hiyo niliwekewa humo humo kwenu mwanzoni mwa wiki ile ile, nikaambiwa wao ndio wataalamu. Wataalamu gani wasiojua kwamba dawa ya kulainisha nywele hufanya kazi kwa kuvunja vifungo vya protini vinavyoupa unywele nguvu yake, na kwamba blichi huushambulia unywele huo huo kwa mara ya pili? Ushauri wa kawaida katika kazi hii ni kuacha angalau wiki mbili kati ya dawa na rangi, na nywele zenye dawa hushauriwa zisiguswe na blichi kabisa. Kwangu mimi dawa, rangi ya kudumu na blichi vilipita juu ya kichwa kimoja ndani ya wiki moja, na vyote vimeandikwa kwenye kadi yenu kwa mwandiko wa watumishi wenu.

Poda ya blichi ilichotwa kutoka kwenye kopo la majarini lisilo na lebo yoyote. Ikachanganywa na peroksaidi ya namba 40, yaani ya asilimia 12, kali kupita zote nilizoziona kwenye rafu yenu, ikapakwa kuanzia kwenye mizizi, ikagusa ngozi. Nilisema inaunguza. Nikaambiwa, "Vumilia mama, urembo ni mateso." Nilisema tena inaunguza, machozi yananitoka, na msusi alikuwa amekwenda kuhudumia kichwa kingine. Nilipofikishwa kwenye sinki, nywele za kisogoni zilikuwa zinavutika kama ulimbo zikiwa mbichi, kisha zinakatika, na kile kichujio cha sinki kikajaa hadi maji yakagoma kushuka. Matokeo yake leo ni haya: kwenye mizizi rangi ya chungwa, kwenye ncha weusi uleule, na kisogoni kiraka ambacho hakina nywele ndefu kuliko ukucha. Kahawia namba 4 haipo mahali popote kichwani mwangu.

Kisha nikadaiwa malipo ya huduma mbili. Nililipa kwa sababu nilitaka kutoka mle ndani. Sikupewa risiti ya mashine ya EFD, nilipewa kikaratasi kilichoandikwa kwa kalamu, katika nchi ambayo Mamlaka ya Mapato imewafundisha hata watoto kwamba ukiuza toa risiti na ukinunua dai risiti. Nilidai. Nikaambiwa mashine ni mbovu.

Daktari wa ngozi amenikuta na majeraha ya kuungua kwa kemikali utosini na nyuma ya sikio la kulia, akaniandikia dawa za kupaka na za kumeza, na cheti chake ninacho. Ameniambia nisisuke, nisivae wigi na nisishonee chochote hadi ngozi ipone. Maana yake ni kwamba kwenye sendofu ya binti yangu wa kwanza nitasimama nimefunga kilemba kichwa kizima, na katika picha zote zitakazobaki katika familia yetu, mama wa binti ndiye pekee atakayekuwa na maelezo ya kutoa. Nywele hukua takriban sentimita 1 kwa mwezi. Zangu zilikuwa zinagusa mabega, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe zitarudi lini.

Lakini pamoja na kuungua na kukatika nywele, kinachonikosesha usingizi ni kile kiti. Naomba nikirudie, kwa sababu nahofia kwamba ofisi yako itaishughulikia barua hii kama suala la rangi na kurudisha fedha basi. Nilikuwa nimekaa na taulo lenu mabegani, weusi wa rangi ukiwa umenikaukia shingoni hadi kwenye kola ya blauzi yangu, mvi zilizokosa kushika rangi zikionekana kwenye mstari wa mbele, na pale nywele zilipopungua utosini pako wazi, mahali ambapo hata dada zangu siwaonyeshi. Katika hali hiyo mtumishi wako akanigeuza, akanishika kidevu, akauelekeza uso wangu kwa wageni waniamulie kama nimependeza. Nilijaribu kugeuza kichwa, akakirudisha. Akasema anayeolewa ni binti, kahawia ya nini. Na wakati wanacheka, dada wa mapokezi alikuwa amesimama kando ameinua simu.

Wakati ule nilidhani anasoma ujumbe. Jumatatu ndugu yangu alinipigia kuniuliza kama ile picha kwenye ukurasa wa saluni yenu ni mimi. Ni mimi. Mmeweka uso wangu na mvi zangu chini ya maneno "kabla na baada," mkaitumia picha ya dakika iliyoniuma kuliko zote kutangaza biashara yenu, bila kuniuliza, na hiyo "baada" mnayojivunia ndiyo nyeusi niliyoikataa.

Nilipoanza kuandika barua hii nilikusudia kudai fedha nilizolipa na si zaidi. Sasa sidai hizo tu. Nataka picha hiyo iondolewe ndani ya saa 24 tangu mtakapopokea barua hii, na ifutwe pia kwenye simu ya aliyeipiga. Nataka nirudishiwe malipo ya huduma zote mbili pamoja na ile dawa ya mwanzoni mwa wiki, nilipwe gharama zote za matibabu kwa risiti nitakazowasilisha hadi daktari atakaponiruhusu, na nilipwe fidia kwa nywele nilizopoteza, kiwango chake tukijadili kwa maandishi na si kwa simu. Vocha ya kuoshwa nywele bure, ambayo msimamizi wa tawi alinitumia kwa ujumbe akidhani amemaliza, siitaki. Na kwa kuwa nilidhalilishwa mbele ya watu, nataka niombwe radhi mbele ya watu: siku ya Jumamosi, tawi likiwa limejaa, msusi huyo na msimamizi wake wasimame pale pale kilipokuwa kile kiti, nikiwa nimesimama nao, waseme walichokifanya.

Mna siku 14. Zikipita bila jibu la maandishi, barua hii pamoja na cheti cha daktari, picha za kichwa changu na kile kikaratasi chenu cha malipo vitafikishwa Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na kumwambia mteja nyeusi ni kahawia ni kumpotosha. Vitafikishwa Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia vipodozi nchini, ili lije kuuliza kilichomo ndani ya lile kopo la majarini. Mamlaka ya Mapato nayo itaambiwa kuhusu mashine yenu mbovu. Kuhusu picha, ikizidi zile saa 24 hata kwa saa moja, sitasubiri siku 14: nitalalamika moja kwa moja Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2022. Na fidia nitakayoidai mahakamani haitakuwa hii ninayowapa nafasi ya kuijadili leo.

Msimamizi wa tawi asinipigie tena. Nitapokea jibu lenye saini yako tu.

Wako,

Mteja wa tawi la Sinza
Jina langu kamili na namba yangu ya simu vimo katika daftari lenu la miadi, ukurasa wa Jumamosi hiyo, pembeni mwa neno "rangi namba 4."