Takwimu za mvua zisifungiwe kabatini

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nizungumzie suala la nani hasa mwenye takwimu za kisayansi zinapokwisha kupangwa katika hifadhidata.

Mimi huchunguza uhusiano wa mvua na malaria. Mwaka jana niliomba takwimu za mvua za miaka 30 kwa taasisi moja hapa Nairobi, nikazipata baada ya kulipa, ila kwa masharti yaliyonikataza kumwonyesha mtu mwingine hata safu moja ya jedwali lile. Wahakiki wa makala yangu walipotaka kuziona ili wakague hesabu zangu, sikuwa na la kuwapa, na makala ingali imekwama. Takwimu zenyewe ni milimita tu, alizosoma mtu kwenye kipimamvua saa tatu asubuhi, siku baada ya siku, akaziandika daftarini, na aghalabu mshahara wake umetoka katika kodi zetu.

Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2001 huulinda mkusanyo wa data, nami sina ugomvi na hilo. Lakini mkataba wa TRIPS, yaani ule wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu hakimiliki na haki nyingine za ubunifu, katika kifungu cha 10, unaeleza kwamba kinacholindwa ni ubunifu wa kuchagua na kupanga, wala si data yenyewe. Umoja wa Ulaya ulivuka mpaka huo mwaka 1996 ulipompa mwenye hifadhidata haki ya miaka 15 kwa kuwa tu amegharamika pakubwa kuikusanya. Akigharamika tena pakubwa, muda huanza upya. Sasa hifadhidata ya hali ya hewa, ambayo huongezwa kila kukicha, itakuwa huru lini? Tume ya Ulaya yenyewe, ilipoitathmini haki hiyo mwaka 2005, haikupata ushahidi kwamba imechochea utengenezaji wa hifadhidata. Marekani haina haki ya namna hiyo, na Mahakama yake ya Juu iliamua mwaka 1991, katika kesi ya kitabu cha nambari za simu, kwamba jasho pekee halizai hakimiliki.

Sisi hatujaiga sheria ya Ulaya, lakini masharti kama niliyotia sahihi yanatufikisha palepale, tena bila kikomo cha miaka. Kwa kuwa Ibara ya 35 ya Katiba humpa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, naliomba Bunge litamke kisheria kwamba takwimu zilizokusanywa kwa fedha za umma hazitatolewa kwa masharti yanayomzuia mtafiti kuzichapisha pamoja na matokeo yake.

Mtafiti wa afya ya umma,
Nairobi