Kaka, gari usilete, tutie injini

Assalamu alaykum kaka. Huku sote wazima. Goti la mama linamsumbua, lakini bado anasali wima na kiti ulichomnunulia amekigeuza cha kuwekea nguo.

Ile sauti uliyoituma kwenye kundi la familia tumeisikia: pikapu imekwisha, iuzwe chuma chakavu, na wewe utatafuta nyengine huko Maskati uipakie melini. Wengi wamekuitikia. Mimi nilinyamaza kwa sababu daftari la gari liko kwangu, na niliyonayo hayaenei kwenye kundi. Nayaandika hapa hadharani maana nyumba nyingi za Pemba zina gari iliyolala chini ya mwembe na ndugu wa ng'ambo anayesubiriwa atoe kauli.

Injini imekufa kweli, hapo sikubishii. Ikiwa inanguruma ukafungua kifuniko cha oili, moshi unakupiga usoni. Fundi alinieleza: dizeli haina plagi za cheche. Hewa inabanwa ndani ya silinda mpaka inabaki karibu sehemu moja ya 22 ya ujazo wake, na joto la kubanwa huko ndilo linalowasha mafuta. Ringi, zile pete zinazoizunguka pistoni, zikilika, hewa inapenya pembeni mwake, joto halipatikani, na asubuhi watoto wa jirani wanaitwa kusukuma. Ovaholi nyengine, kuifungua injini yote na kuifanya upya, sitaki kuisikia. Silinda zimeshachongwa hazina tena pa kuchongwa, na hedi, yaani kichwa cha injini, ina ufa baina ya vali, ugonjwa unaojulikana wa hizi injini za 2L za Toyota, kama yetu, zikishachemka.

Lakini kabla ya habari ya injini nilimtaka fundi aingie chini ya gari na nyundo. Gari za kwetu chumvi huziwahi kabla ya kilomita, na hii yetu imebeba samaki wa Tumbe miaka mingi, maji ya barafu yakichuruzika kwenye chasisi. Alianza mbele akagonga kidogo kidogo hadi nyuma zinaposhikilia springi. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kwa sauti nzito na unga mwekundu unamwagika. Pamepatikana pabovu pawili tu, upande wa nyuma kushoto, na pote panachomeleka. Ingekuwa chasisi imeliwa, leo ningekuandikia nakuomba hiyo gari ya Maskati.

Na hiyo gari ya Maskati, kaka, umeifikiria usukani wake? Huko mnapita kulia, usukani uko kushoto. Huku tunapita kushoto. Dereva wetu akitaka kulipita lori la mchanga baina ya Konde na Chake, vilima vile na kona zile, itabidi atoe gari nzima nje ndiyo aone mbele. Ushuru wa bandarini sijautaja. Na usiniambie utaleta injini ya petroli kutoka kwenye Hilux ya huko kwa kuwa ni rahisi. Gari ya dizeli ukiitia injini ya petroli unabadilisha waya, mipira ya mafuta, vishikio na pengine giaboksi, halafu unabaki na gari ambayo kila fundi akifungua boneti anaanza kwa kuuliza nani kaifanya hivi.

Ninachokiomba ni injini ya 3L ya mtumba, iliyokamilika, na pampu yake ya dizeli juu. Yetu ni 2L, sentimita za ujazo 2,446. 3L ina 2,779, ni ya ukoo huohuo, na Toyota wenyewe waliitia kwenye Hilux. Inakaa kwenye vishikio vilevile na inafungwa kwenye giaboksi ileile. Karafuu zikiwa kwenye magunia na kilima kiko mbele, tofauti hiyo ya ujazo itaonekana. Yuko kijana hapa ananishawishi tutie 1KZ-TE, injini nyengine ya dizeli ya Toyota, yenye tabo ya kuisukumia hewa, ati gari itaruka. Pampu yake inaongozwa na kompyuta. Siku itakapogoma porini huko Ngezi sijui ataileta wapi hiyo kompyuta, na sisi tunabeba mihogo, hatushindani na mtu.

Binamu ameiona moja Unguja, Mwanakwerekwe. Nimemwambia asitoe pesa kwa injini iliyolala sakafuni imepakwa dizeli ikang'ara. Iwashwe mbele yake ikiwa baridi, kifuniko cha oili kifunguliwe, fundi achomoe nozeli apime kompreshani, nguvu ya hewa inayobanwa, katika silinda zote nne. Namba zikipishana sana, aondoke. Ikifika Mkoani, kabla haijaingia kwenye gari tunabadilisha mkanda wa taimingi, hata ukionekana mpya. Toyota wanautaka ubadilishwe kila kilomita 100,000, na hakuna anayejua huu umetembea ngapi. Ukikatika, vali zinakutana na pistoni na pesa yako inakuwa nanga.

Sasa sikiliza hili la maji, maana naona ndilo lililoiua ile ya zamani. Rejeta ilikuwa ikijazwa maji ya kisima, na kisima chetu unakijua, chai yake haihitaji kutiwa chumvi. Maji hayo yameotesha kutu kwenye njia za ndani mpaka zimeziba. Juu ya hayo, fundi wa zamani aliitoa themostati, kile kivali kinachozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate moto wake, akaitupa, ati nchi ya joto haina haja nayo. Mafundi wengi wa huku wana imani hiyo. Bila themostati injini ya dizeli inatembea baridi safari nzima, oili haipati moto wake, na silinda zinalika haraka. Ikichemka, tatizo ni rejeta, na kuitoa themostati ni kuificha homa. Fundi wa sasa alicheka kusikia mwanamke anaulizia themostati iko wapi. Amecheka, lakini ameiandika kwenye orodha ya vifaa, pamoja na kuifungua rejeta isafishwe na dawa ya kupoozea ya kopo. Maji ya kisima yatabaki kuoshea magurudumu.

Orodha yenyewe na bei zake nimekutumia faraghani, hapa si mahala pake. Kuna moja tu ambalo pesa hailimalizi. Kadi ya gari ina jina lako, na ndani yake imeandikwa namba ya chasisi na namba ya injini. Tukitia nyengine bila kuiandikisha, trafiki anayo haki ya kutuzuia, na bima ikitokea ajali wataanzia hapohapo. Kwa hiyo niandikie barua ya kuniruhusu nikabadilishe kadi kwa niaba yako, itie saini, na uambatanishe nakala ya pasipoti. Mpe mtoto wa shangazi anayerudi kabla ya karafuu kuanza kuchumwa. Upande wangu, risiti ya injini haitalipwa mpaka namba iliyomo iwe ndiyo iliyopigwa kwenye bloki, na binamu ameshaambiwa anitumie picha ya hiyo namba kwanza.