Wasichana wa India wanahitaji dada wa karibu kuliko hotuba

Ndugu Mhariri,

Nashukuru kwa nafasi ambayo gazeti lako linaipa elimu ya mtoto wa kike. Tangu tawi la IIT Madras, mojawapo ya vyuo vikuu vya teknolojia vya taifa la India, lilipofunguliwa Zanzibar mwaka 2023, imeandikwa mara nyingi kwamba mkuu wake, Profesa Preeti Aghalayam, ndiye mwanamke wa kwanza kuongoza taasisi yoyote ya IIT. Habari hiyo niliikata nikaibandika ukutani darasani kwangu, na wanafunzi wangu wa kike wanaisoma. Wasiwasi wangu ni kwamba wasomaji wengi wakiiona wanadhani India imeshaimaliza kazi hii, na kwamba msichana wa kule akitaka uhandisi au udaktari, njia ni nyeupe. Mimi nilisomea Pune, katika jimbo la Maharashtra, nikaishi hosteli ya binafsi pamoja na wasichana waliotoka vijijini. Naomba nieleze niliyoyaona, kwa sababu kuna jambo moja ambalo waandaaji wa miradi ya wasichana wanalipita haraka mno.

Msichana hapati kujiamini kwa kuhutubiwa. Anakupata kwa kuyafanya mambo yanayomtisha, moja baada ya jingine, huku pembeni yupo mwanamke aliyeyapitia juzi juzi tu, na ambaye wiki ijayo atakuwepo tena.

Rafiki yangu niliyelala naye chumba kimoja, ambaye simtaji jina kwa heshima ya familia yake, alitoka wilaya ya Beed. Alikuwa akisomea uuguzi. Wazazi wake ni wakata miwa. Mvua zikiisha, Oktoba au Novemba, familia kwa maelfu huihama Beed kwenda kukata miwa ya viwanda vya sukari vya magharibi mwa Maharashtra na vya Karnataka, wakarudi msimu ukiisha, karibu na Aprili. Dalali wa vibarua, wanayemwita mukadam, huwapa fedha mapema kabla hawajaondoka, na deni hilo hulipwa kwa kukata miwa. Mume na mke huhesabiwa kuwa kitu kimoja, koyta, kwa jina la panga lao la kukatia. Sasa fikiria una binti wa miaka kumi na mitano. Ukimwacha kijijini peke yake miezi sita, hulali. Ukimchukua, shule imekwisha. Ukimwoza, hofu ya kumlinda inahamia kwa wakwe, naye na mumewe wanakuwa koyta mpya yenye fedha yake ya awali.

Ndiyo maana ndoa za mapema hazikomi Beed, ingawa sheria ya India ya mwaka 2006 inataka msichana awe ametimiza miaka 18 na mwanamume 21. Utafiti wa kitaifa wa afya ya familia wa mwaka 2019 hadi 2021 ulikuta asilimia 23 ya wanawake wenye umri wa miaka 20 hadi 24 nchini India waliolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Utafiti kama huo wa mwaka 2005 na 2006 ulikuta asilimia 47. Nchi imepiga hatua, hilo halina ubishi. Lakini karibu mmoja kati ya wanne, katika nchi yenye watu wengi kiasi kile, ni mamilioni ya wasichana.

Naeleza haya msomaji asije akadhani baba wa rafiki yangu ni mtu katili. Nilimwona alipokuja hosteli na mfuko wa unga wa mtama mgongoni, akakaa kwenye ngazi kwa sababu aliona haya kukalia kiti cha matroni. Anampenda mwanawe. Alichokosa ni mtu wa kumwonyesha kwamba kuna njia nyingine, na kwamba yupo mwingine aliyeipita akafika salama.

Mtu huyo alikuwepo, muuguzi mmoja, naye binti wa wakata miwa, aliyewazidi umri kwa miaka michache tu. Walimwita tai, kama sisi tunavyomwita dada. Jumapili, akitoka zamu, alikaa na wasichana kama kumi hivi kwenye baraza ya hosteli yetu. Alikuja na daftari, na kila msichana alikuwa na ukurasa wake humo. Wewe wiki hii utanyoosha mkono darasani uulize swali, moja tu. Wewe utakwenda stesheni ukakate tiketi mwenyewe dirishani, kaka yako asikusindikize. Wewe utamwambia mwenye duka kwamba chenji haijatimia. Jumapili inayofuata alifungua ukurasa na kuuliza: Ulisemaje? Akajibuje? Aliyeshindwa hakugombezwa. Kazi yake ilipunguzwa kidogo, akapewa tena.

Zamu ya rafiki yangu ilikuwa kufungua akaunti ili fedha zake za ufadhili zisipitie kwa mjomba. Katika benki moja karani hakuinua hata macho, akamwambia aje na baba au mume. Alirudi chumbani akajifunika shuka mpaka kichwani. Jumapili tai akatugeuza sote kuwa benki. Mimi niliwekwa nyuma ya meza niwe karani, nikaagizwa niwe mkali, nisimtazame. Rafiki yangu akaja mbele yangu, sauti ikamkauka. Akarudishwa mlangoni, akaja tena, na tena. Tai alimfundisha maneno yenyewe: nimetimiza miaka kumi na minane, hiki ni kitambulisho changu cha Aadhaar, hii ni barua ya chuo, na kama unakataa, naomba uniandikie sababu na jina lako. Wasichana wengine walimsahihisha jinsi ya kusimama. Mmoja alimwambia asishike ncha ya mtandio anapozungumza, maana hapo ndipo uoga wake ulipoonekana.

Jumatatu akaenda. Tai alimsindikiza mpaka nje ya mlango wa benki akabaki hapo, hakuingia. Rafiki yangu alirudi na kitabu cha benki, ukurasa wa kwanza una picha yake na sahihi yake mwenyewe. Tulikipitisha mkononi kwa kila mtu hosteli nzima, na mpishi pia akaitwa kuja kukiona.

Mhariri, haya kwa mtu wa mjini ni mambo madogo. Lakini Januari iliyofuata baba alipiga simu kutoka shambani: mchumba amepatikana, harusi Mei. Msichana aliyekuwa akikauka sauti mbele ya karani sasa alitakiwa kuzungumza na baba yake, na kwao hakuna kazi nzito kuliko hiyo. Tai angeweza kuishika simu yeye. Hakufanya hivyo. Walikaa usiku wakaandika kwenye daftari mambo yanayomtia baba hofu: usalama wa binti, maneno ya watu, fedha. Mbele ya kila hofu wakaandika jibu. Namba ya matroni, apige saa yoyote. Mwaka mmoja tu umebaki kwenye diploma. Mshahara wa muuguzi wa hospitali, na ni kiasi gani atatuma nyumbani ili wapunguze fedha wanazokopa kwa mukadam. Kimarathi changu kilikuwa kidogo, lakini nilisikia sauti yake ikitoka bila kutetemeka, na upande wa pili trekta likinguruma. Baba alinyamaza muda mrefu. Mama ndiye aliyeichukua simu mwishoni, akamwambia amalize masomo kwanza. Likizo ilipofika, tai alipanda basi kwenda kuwaona wazazi hao huko huko kwenye vibanda vya miwa, akakaa nao chini, akajieleza yeye ni binti wa nani na wa kijiji gani. Kumlea binti bila kufika kwa wazazi wake ni kumwachia vita peke yake.

Pune ni mji wenye historia ya jambo hili hili. Savitribai Phule, aliyezaliwa mwaka 1831, aliolewa akiwa mtoto asiyejua kusoma. Mumewe, Jyotirao, ndiye aliyemfundisha, na mwaka 1848 wakafungua shule ya wasichana pale Bhide Wada, mkabala na palipo hekalu la Dagdusheth hivi leo. Watu walimrushia Savitribai matope na mavi ya ng'ombe akienda kufundisha, akawa anabeba sari ya pili ya kubadili. Mwaka 1855 mwanafunzi wao Mukta Salve, msichana wa jamii ya Mang iliyohesabiwa najisi, aliandika insha kuhusu mateso ya watu wake, ikachapishwa katika jarida la Dnyanodaya. Katika miaka isiyozidi kumi, mwanamke aliyefundishwa alimfundisha msichana, na msichana huyo akasema na nchi kwa maandishi. Leo chuo kikuu cha Pune kina jina la Savitribai, na kila Januari 3 wasichana humvisha maua.

Wanaotaka takwimu nao wanazo. Mwaka 2006 serikali ya jimbo la Bihar ilianza kuwapa wasichana wanaoingia darasa la tisa fedha za kununua baiskeli. Watafiti Karthik Muralidharan na Nishith Prakash walikuta idadi ya wasichana walioandikishwa sekondari ilipanda kwa asilimia 32, na pengo kati yao na wavulana likapungua kwa asilimia 40. Baiskeli ilifupisha njia, na tena wasichana walikwenda makundi makundi, barabara nzima ikazoea kuwaona. Huko jimbo la Bengali Magharibi, sheria ya kutenga theluthi ya viti vya mabaraza ya vijiji kwa wanawake, iliyoanza kutumika mwaka 1993, ilichunguzwa na watafiti walioandika katika jarida la Science mwaka 2012. Katika vijiji vilivyotengewa uongozi wa mwanamke kwa vipindi viwili, pengo kati ya wavulana na wasichana katika matarajio ya maisha yao ya baadaye lilipungua kwa asilimia 32, na pengo la elimu likafutika. Wasichana wale hawakuhitaji kumwona waziri wa Delhi. Walimwona mama wanayemjua, anayechota maji kisima kimoja nao, akiongoza kikao. Nasi wenye viti maalum tuna la kujiuliza hapo.

Kinachonikera ni mradi wa siku moja. Hoteli ya mjini, mgeni maarufu anasema jiamini, picha zinapigwa, vyeti vinagawiwa, kila mtu kwake. Na wanaoalikwa mara nyingi ni wale ambao tayari wanazungumza Kiingereza kizuri. Sheria ya makampuni ya India ya mwaka 2013 inazitaka kampuni kubwa zitumie asilimia 2 ya wastani wa faida yao kwa kazi za jamii. Fedha ipo. Tai wetu alijilipia nauli mwenyewe kutoka mshahara wa muuguzi, miaka yote. Wanaofadhili wasichana wangetenga sehemu ya fedha hiyo kwa nauli na posho za wanawake kama yeye, kwa sharti kwamba wakae na wasichana wale wale miaka miwili au mitatu. Educate Girls, shirika lililoanzishwa na Safeena Husain mwaka 2007 na kupewa Tuzo ya Ramon Magsaysay mwaka 2025, linatumia vijana wa kujitolea wa vijiji vile vile kubisha hodi nyumba kwa nyumba kutafuta wasichana walioacha shule. Huo ndio ukaribu ninaousema.

Najua wapo watakaosema: kwanza vyoo shuleni, taa barabarani, mabasi salama. Wana haki. Baada ya unyama wa Delhi wa Desemba 2012, msichana alipobakwa na kundi la wanaume ndani ya basi, hakuna mtu mwenye moyo anayeweza kumwambia msichana wa India ajiamini tu, halafu basi linalompeleka nyumbani liachwe lilivyo. Mambo hayo yaende pamoja. Hata vyuo vya IIT viliongeza nafasi maalum za wasichana kuanzia mwaka 2018, na sehemu yao ikapanda kutoka karibu asilimia 8 hadi 20 ndani ya miaka michache. Nafasi imewekwa, aliye Beed anahitaji mtu wa kuja kumwambia kwamba na yeye ni mmoja wa waliowekewa, kisha amsaidie kujaza fomu.

Rafiki yangu sasa ni muuguzi, na Jumapili zake anakaa na wasichana wa kwao. Daftari analo. Mwaka jana nilimwomba azungumze kwa simu na binti niliyemfundisha fizikia hapa Muheza, ambaye alikuwa anakwenda kusoma Bangalore na hajawahi kulala nje ya Tanga. Walizungumza kwa Kiingereza cha kuungaunga, na binti yule alipofika kule alipokewa stesheni na msichana wa Beed.

Kwa hiyo nina maombi mawili, Mhariri. La kwanza, mwandishi wako atakapokwenda tena Bweleo, Zanzibar, kuandika kuhusu IIT, awaulize wanafunzi wa kike wa Kihindi na wa Kitanzania ni nani aliyewashika mkono mpaka wakafika pale, na amwandike huyo. La pili, wapo wanawake wengi wa Tanzania na Kenya waliosoma Pune, Hyderabad na Bangalore. Kama wapo walio tayari kutoa saa moja kila Jumapili kwa wasichana wanaokwenda huko, wakuandikie, nawe uniunganishe nao. Majina ya wasichana wa mwaka huu ninayo tayari.

Mwalimu wa fizikia,
Muheza, Tanga