Shukrani baada ya mazishi ya mama yetu, wakili na mwalimu wa sheria

Sisi watoto, wajukuu na ukoo mzima tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetupa mama huyu, akatutia nguvu hadi tukampumzisha.

Siku za mwisho hospitalini zilikuwa nzito. Sauti waliyoizoea majaji ilibaki mnong'ono, lakini bado alidai miwani yake na tasnifu za wanafunzi. Alisahihisha kwa penseli, ukurasa mmoja asubuhi nzima, mpaka vidole vikakataa. Usiku mmoja alimsimulia muuguzi wa zamu kesi aliyoifundisha miaka yote: Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake, mila ikamkatalia, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akampa haki kwa kuegemea Katiba. Haki za binadamu alizoziegemea jaji ziliingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, ila mahakama hazikuruhusiwa kuzitumia hadi 1988. Mama hakuchoka kuwakumbusha wanafunzi miaka ile ya kungoja. Dada muuguzi, ulimsikiliza mpaka usingizi ukamchukua, mkono wake ukiwa mkononi mwako. Hatuna cha kukulipa, Mungu akubariki.

Na wewe mama mjane uliyesafiri usiku kucha kwa basi, ukajifunga kanga na kuingia jikoni kabla hujakaribishwa kiti, hukutoka mpaka matanga yakaanuliwa. Tulidhani u ndugu wa upande wa baba. Makaburini ndipo tulipojua kwamba mama alikutetea bila malipo ulipotaka kufukuzwa kwenye nyumba ya marehemu mumeo. Umekuwa ndugu yetu.

Shukrani ziwafikie madaktari, paroko na wanakwaya, jumuiya ndogondogo, mawakili na wahadhiri wenzake, wasaidizi wa kisheria, wanafunzi wa zamani na wa sasa, majirani, wapishi, madereva, waliochimba kaburi na waliokesha nasi.

Tunaomba radhi, tena sana, kwa wote ambao hatukuwataja. Michango mingi ya simu iliingia bila majina, na kwenye msiba ule wengine tuliwapa mkono bila hata kuwatazama usoni. Msituhesabie ukosefu wa adabu. Mungu anawajua mmoja mmoja.

Wanafunzi ambao tasnifu zao alizianza, tumezirudisha idarani zikiwa na maandishi yake ya penseli. Tafadhali mzichukue.