Barua ya wazi kwa mpwa wangu anayeitaka nyota ya Luteni Usu

Mpwa wangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa Jumapili usiku nimeusoma mara tatu. Sikukujibu siku ileile kwa sababu swali lako si la kujibiwa kwa mistari miwili ya simu. Uliandika: "Mjomba, majina ya JKT yametoka, nimepangiwa Mafinga. Nikirudi sitaki kuomba chuo kikuu. Nataka kwenda tena kwa kujitolea ili nipate Monduli. Mama amekasirika. Wewe unasemaje?"

Nakujibu hapa hadharani, kwa ruhusa yako, kwa kuwa mwezi huu peke yake wazazi wanne wa mtaani kwangu wameniuliza jambo hilohilo, na kila mmoja alikuwa ameshaelezwa hadithi tofauti na mtu aliyejifanya anajua. Kwa asiyejua: JKT ni Jeshi la Kujenga Taifa, Mafinga ni moja ya kambi zake, na Monduli ndiko kuliko chuo cha maofisa wa jeshi letu. Unakoitwa sasa ni miezi mitatu kwa mujibu wa sheria; kujitolea ni mkataba mwingine, mrefu zaidi.

Kwanza, mama yako hajakasirika. Ameogopa. Wewe ulikuwa bado unabebwa mgongoni mjomba wako mdogo alipokutana na mtu aliyejitambulisha kuwa ana ndugu yake makao makuu. Nafasi ya Monduli ikatajiwa bei. Bibi yako akauza ng'ombe wawili, akauza na mabati aliyokuwa ameyaweka kwa ajili ya jiko jipya. Kijana akapewa karatasi yenye muhuri, akaambiwa aripoti Jumatatu asubuhi. Alifika getini na sanduku lake la bati. Mlinzi akaisoma ile karatasi, akamtazama kijana usoni, akairudisha bila kusema neno. Mimi wakati huo nilikuwa sajenti, tepe tatu mkononi, niko kambi nyingine, na hakuniuliza kwa sababu aliambiwa afanye siri, hata kwangu. Mama yako ndiye aliyekwenda kumpokea stendi usiku ule. Ndiyo maana akisikia neno Monduli anasikia na mlio wa lile sanduku likishushwa kwenye basi.

Kwa hiyo la kwanza kabisa: nafasi ya jeshi haiuzwi. Jeshi la Wananchi wa Tanzania, JWTZ, lenyewe hutoa tahadhari hiyo kila linapoandikisha. Anayekuomba hela, hata akiwa amevaa kombati iliyonyooka kuliko yangu, ni tapeli.

Sasa tuje kwenye njia zenyewe, maana naona umezichanganya.

Unazungumza kuhusu Monduli kana kwamba ni chuo cha kuomba, kama vile mtu anavyoomba uhandisi Dar es Salaam au ualimu Dodoma. Sivyo. Kwa kijana wa uraiani, jeshi hukuchukua kwanza, ndipo likuchague. Wengi hupitia ukuruta, yaani mafunzo ya awali ya askari, kwenye shule ya jeshi ya Kihangaiko, wanafundishwa kwata, silaha na kuamka kabla ya jogoo, na katika hao wenye elimu na sifa wanasailiwa wawe maofisa wanafunzi. Chuo kiko Monduli tangu 1976. Kabla hatujawa na chuo chetu, wakubwa wetu wa mwanzo walisomea ng'ambo. Jenerali Sarakikya, Mkuu wa Majeshi wa kwanza, alipita chuo cha kijeshi cha Sandhurst kule Uingereza. Leo afisa wetu anapikwa hapahapa kwenye baridi ya Monduli, ingawa wachache bado hupelekwa vyuo vya nchi rafiki.

Ndani ya Monduli kuna njia mbili kubwa. Ipo kozi ya mwaka mmoja hivi, na ipo Shahada ya Sayansi ya Kijeshi ya miaka mitatu, ambayo chuo kinaitoa kwa kushirikiana na Chuo cha Uhasibu Arusha. Hiyo ya pili ndiyo iliyokuwasha moto, naijua, maana ulinitumia picha za gwaride usiku wa manane. Lakini tazama zile picha tena. Waliosoma mwaka mmoja na waliosoma mitatu wamesimama kwenye gwaride moja, wanatunukiwa kamisheni, yaani uafisa, na Rais yuleyule akiwa Amiri Jeshi Mkuu, na wote wanatoka pale na cheo kimoja: Luteni Usu, nyota moja begani. Na kati ya njia hizo mbili, utakayopita wewe si wewe utakayeichagua.

Njia ya tatu ni ya kwenda jeshini ukiwa tayari umesoma uraiani. Hii watu wanaidharau bila sababu. Rais mstaafu Kikwete alimaliza uchumi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1975, mwaka uliofuata akapata kamisheni, miaka ya themanini akawa mkufunzi wa siasa hapohapo Monduli, akastaafu jeshi mwaka 1992 akiwa Luteni Kanali. Jeshi linahitaji madaktari wa kukaa hospitali ya jeshi ya Lugalo, wahandisi, wanasheria, watu wa mawasiliano. Hawa wanavaa nyota kama wengine.

Sitakudanganya kwamba chuo kikuu hutoa maofisa bora. Nimewapokea Maluteni Usu wengi katika miaka yangu, maana kazi ya sajenti wa platuni ni hiyo pia, kumpokea kijana mwenye nyota moja na kumsaidia asiwaumize watu wala asijiumize. Bora kuliko wote niliofanya nao kazi porini alikuwa kijana wa miaka 22 aliyekulia ndani ya magwanda. Usiku tukiwa kwenye mwendo mrefu, alikuwa anajua ni askari gani ana lengelenge kisiginoni kabla mimi sijajua. Waliosoma naye walikuwa wametawanyika kila brigedi, na alipokwama alikuwa na mtu wa kumpigia. Hilo la kukua pamoja ni kubwa, na anayeingia akiwa na umri mkubwa halipati lote. Pia anapoanza na nyota moja, wa rika lake aliyetangulia huenda ana mbili. Jeshini ukubwa unahesabiwa kwa tarehe, na tarehe hairudi nyuma.

Lakini kuna mwingine ninayemkumbuka pia. Mwaka mmoja maji yalikatika kambini siku nne. Pampu ya kisima inanguruma, bomba kavu. Luteni Usu wetu alikuwa binti mwembamba, ana miezi miwili kazini, amesomea uhandisi uraiani. Alikunja mikono ya kombati, akachuchumaa pale kisimani karibu na koplo fundi. Akamuuliza, "Pampu hii umeishi nayo miaka mingapi?" "Sita, afande." "Basi niigizie inavyolia ikiwa nzima." Koplo akaigiza kwa mdomo. Askari waliokuwa kwenye foleni ya ndoo wakaangua kicheko. Yeye hakucheka, aliinamisha kichwa akasikiliza, akamwambia arudie. Kisha akasema tuinue bomba, vali ya chini imeoza, maji yanapanda na kurudi. Tukalivuta bomba lote, vipande sita, mikono ikachubuka. Vali ilikuwa imeliwa na kutu. Saa kumi na moja jioni maji yalitoka mekundu, baadaye yakasafika. Askari wakajaza, wapishi wakajaza, na yeye akanawa mikono wa mwisho. Tangu siku ile sikuwahi kusikia mtu akimnung'unikia akitoa amri.

Hao wawili wamekuja kwa njia mbili, na wote ningewafuata popote. Kwa hiyo usiniulize ipi inatengeneza afisa. Niulize ipi inakufaa wewe, mwenye miaka 19, mwenye alama nzuri za fizikia tangu kidato cha kwanza, na mama anayeuza vitumbua akitegemea watoto wake wasimame.

Chukua kalamu tupige hesabu. Matangazo ya karibuni ya kuandikisha jeshini yameweka kikomo cha miaka 24 kwa aliyeishia kidato cha sita, na 27 kwa mwenye shahada. Ukienda kujitolea sasa, mkataba ni miaka miwili, unatoka na 21. Umebakiwa na mitatu ya kusubiri tangazo, na cheti chako ni kilekile cha kidato cha sita. JKT lenyewe linawaambia vijana wazi, kila mwaka, kwamba halitoi ajira wala haliahidi kumtafutia mtu ajira. Watu husoma sentensi hiyo na kuiruka. Nimewaona vijana wazuri, wakakamavu, wenye nidhamu, wakikaa kambini mwezi baada ya mwezi kwa matumaini, halafu wanarudi nyumbani na ngozi ngumu ya viganja tu, wenzao wakiwa mwaka wa tatu chuoni.

Ukienda chuo kikuu, uhandisi ni miaka minne. Unamaliza na 23, kikomo chako kimesogea hadi 27. Hata ukisema sasa nakwenda kujitolea miaka miwili, bado una nafasi. Na jeshi lisipokuita, wewe ni mhandisi. Utadaiwa na Bodi ya Mikopo, ndiyo, lakini utadaiwa ukiwa na kazi ya kufanya.

Mimi niliingia na kidato cha nne, nikastaafu Sajinitaji, na jeshi limenilisha na kunisomeshea watoto. Sina kinyongo nalo hata chembe. Ndiyo maana nataka uliendee ukiwa na kitu mkononi.

Haya mengine nayasema haraka. Miezi mitatu ya Mafinga usiichezee, na cheti utakachopewa kiweke pamoja na cha kuzaliwa, vile halisi, si nakala, maana bila cheti cha JKT mlango wa jeshi haufunguki. Usichore mwili, hata kanyota kadogo nyuma ya sikio kama yule rafiki yako. Usiolewe katikati ya safari. Na shangazi zako wakikushauri "shika Polisi kwanza, au Magereza, jeshi utahamia baadaye", wakatalie kwa adabu: moja ya masharti ya kuandikishwa JWTZ ni kwamba hujawahi kutumikia Polisi, Magereza, Chuo cha Mafunzo (ndiyo magereza ya Zanzibar) wala KMKM, kikosi cha Zanzibar cha kuzuia magendo. Wengi wameukomea mlango kwa mikono yao wenyewe hapo.

Matokeo yatatoka ukiwa kambini au ukiwa umesharudi. Yakitoka, omba chuo, ujaze uhandisi wa ujenzi au wa maji kama chaguo la kwanza. Ukiwa mwaka wa pili bado unaota magwanda, nipigie, tutaanza kufuatilia matangazo pamoja, mimi na wewe, bila mtu wa katikati. Na kama mwaka wa pili ukifika umeshapenda madaraja kuliko magwaride, nipigie vilevile. Sitakusimanga.

Nimesema na mama yako jana jioni. Nilimsomea barua hii yote kabla sijaiweka hapa. Aliniuliza swali moja tu, kama Mafinga ni baridi kweli. Nikamwambia ni baridi ya kung'ata, hasa Juni na Julai, akufungie sweta mbili. Fundi wa pale sokoni anakushonea bukta ya bluu iliyokoza, ya mpira kiunoni, isiwe na zipu, ishuke hadi magotini. Amesema Ijumaa itakuwa tayari. Shuka mbili za bluu bahari na soksi ndefu nyeusi mama anazo. Raba za kijani nimekununulia mimi, namba 39, nimezitoa kwenye boksi na kuzikunjakunja kidogo zilainike. Ukizipokea anza kutembea nazo asubuhi, kwenda kisimani na kurudi, usingoje kuzivaa mara ya kwanza kwenye mchakamchaka. Nimempa dereva wa basi la Jumamosi. Mfuko mweusi, umeandikwa jina lako.

Mjomba wako