Tuanze na matumizi, ndipo tuzungumze ushuru

Mhariri,

Kila Mswada wa Fedha, ule unaopendekeza ushuru wa mwaka, unapofikishwa Bungeni, Wakenya tunachezwa shere ile ile. Mwaka wa 2023 serikali ilitaka kukata asilimia 3 ya mishahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu. Watu walipolalamika ikashuka hadi asilimia 1.5, tukaambiwa tumesikilizwa. Swali la kama twautaka ushuru wenyewe halikuwa na nafasi tena. Mwaka uliofuata zikaja ushuru wa ongezeko la thamani (VAT) wa asilimia 16 kwa mkate na ushuru wa asilimia 2.5 ya thamani ya gari. Juni 18, 2024, tangazo la kuviondoa likatolewa Ikulu. Muuza mitumba wa soko la Gikomba, Nairobi, naye hutaja bei ya juu akijua atashuka, lakini mteja wake anaweza kwenda zake. Mlipakodi hana pa kwenda.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba matumizi hayawekwi mezani. Ushuru uko kwa kamati moja ya Bunge, makadirio ya matumizi yako kwa nyingine, na vitabu vyake hufunguliwa na wachache. Ukivifungua, idara baada ya idara inarudia yale yale: safari za ndani, safari za nje, ukarimu, mafunzo. Ilhali Mswada wa 2024 ulipolegezwa na Hazina ya Kitaifa ikaonya kuhusu pengo la Sh200 bilioni, miongoni mwa waliotajwa kuwa wangeumia ni walimu wanagenzi wa shule za sekondari msingi (JSS).

Kumbe pa kupunguza palikuwapo. Julai 5, 2024, vijana wakiwa wameshajaa barabarani kuupinga Mswada huo na Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ikiwa imeshahesabu vifo 39, Rais Ruto alitangaza kuvunjwa kwa mashirika 47 ya serikali, kupunguzwa kwa washauri kwa nusu na kufutwa kwa bajeti ya ofisi ya mkewe. Ni nini kilichozuia orodha hiyo isiletwe Mei, kabla ya mtu yeyote kupigwa risasi?

Kifungu cha 221 cha Katiba kinaitaka kamati ya Bunge ipokee maoni ya wananchi kuhusu makadirio. Basi kamati hizo mbili ziketi pamoja, na kando ya kila ushuru unaopendekezwa iandikwe utagharamia nini na ni matumizi gani yamekatwa kwanza. Mswada usio na maelezo hayo, wabunge waukatae ungali katika kusomwa mara ya pili.

Mlipakodi,
Nakuru