Risala ya Umoja wa Wanafunzi Watafiti kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Utafiti

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Uongozi wa chuo,
Wahadhiri wetu,
Mabibi na mabwana,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha. Umefika, tena kwa wakati, na hilo peke yake limetupa faraja ambayo hatujaizoea.

Umoja wetu ulianza na wanachama wachache na meza ya kuazima. Historia hiyo ni ndefu, hatutakuchosha nayo. Mafanikio ni makubwa: tumeandaa makongamano ya kisayansi (moja limefanyika, lingine liko hatua za mwisho), mabango yetu yamepamba korido yote uliyopita, na sasa tuna mhuri.

Mheshimiwa, tuna maabara mbili chini ya paa moja. Ya kwanza inachunguza seli za kinga ndani ya uvimbe wa ubongo, hasa glioblastoma, saratani ambayo hata kwa upasuaji, mionzi na dawa, wagonjwa wengi hawavuki miaka miwili. Ndani ya uvimbe huo hujazana mikroglia, walinzi wakazi wa ubongo, pamoja na makrofaji, seli za kinga zinazomeza vijidudu na mabaki, wanaoingia kupitia damu. Badala ya kuushambulia, wengi wao hugeuzwa na uvimbe wakawa wasaidizi wake. Tunatafuta namna wanavyogeuzwa.

Maabara ya pili inatengeneza mfumo wa kuongoza tanuri la kukaushia mbao. Vihisi hupima joto na unyevu, kompyuta huamua lini feni izunguke na lini mvuke uongezwe. Hewa ikikauka kupita kiasi, ngozi ya ubao hukaza ilhali moyo wake bado mbichi, kisha ubao hupasuka.

Kinachoziunganisha maabara hizi, Mheshimiwa, ni umeme, au tuseme kukatika kwake. Sampuli za uvimbe hukaa kwenye jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri. Umeme ukikatika kwa muda mrefu joto hupanda, RNA (molekuli zinazobeba maagizo ya jeni ndani ya seli) huharibika, na sampuli hiyo hairudi. Mgonjwa aliyekubali itumike hawezi kuombwa afunguliwe fuvu upya kwa sababu sisi tulikosa jenereta. Upande wa pili feni husimama, kompyuta husahau ilikofikia, na umeme ukirudi huanza ratiba upya kama vile mbao zimeingia leo. Kuni tunazo za kutosha.

Ombi letu ni hilo tu: jenereta inayojiwasha yenyewe, pamoja na betri za kushikilia jokofu na kompyuta hadi itakapowaka.

Mgeni rasmi wa mwaka juzi alituahidi jenereta hiyo, tukapiga makofi. Wa mwaka jana alituambia suala hilo liko kwenye mchakato, tukapiga makofi tena. Hatuna shaka mchakato unaendelea vizuri. Msingi wa zege wa kuiweka tulishaujenga nyuma ya maabara, na kwa sasa wanachama huukalia wakila chakula cha mchana. Tungefurahi kuhamishwa pale.

Kwa unyenyekevu mkubwa, tunaomba leo ututajie tarehe, na jina la mtumishi tutakayemfuatilia. Katibu wetu ameketi mstari wa mbele, kalamu mkononi.

Tunaomba kuwasilisha.